Rambirambi kutoka Ipuli

Shangazi Kalunde haulizi bei ya tumbaku,
haulizi mvua, wala Simba kafungwa na nani.
Akimaliza kuchuja asali, akafuta viganja kwa khanga,
husema: "Soma. Wazungu wangu wameamkaje?"

Nami nasimamisha cherehani,
naitoa simu dirishani, ndipo inaponasa mtandao,
nasoma.

Kuna malkia wa kaskazini, magoti yamemkataa,
amemwachia mwanawe kiti.
Mizinga haikupigwa. Meza, karatasi, sahihi.
"Kalamu ya rangi gani?"
Haikuandikwa, Shangazi.
"Hilo ndilo la kuandika."

Kuna mwana wa mfalme, wa nne kuzaliwa,
kavuliwa jina la Mtukufu, yeye na wanawe,
wakaambiwa watafute kazi kama watu.
Anacheka, lakini si kwa kejeli,
anacheka kama aliyeletewa habari za binamu.
"Mwanangwa akitafuta kazi huanza na ipi?
Mimi nilianza na kufua mashuka, hospitali ya Kitete.
Wiki ya kwanza muuguzi mkuu aliniita Binti Mtemi.
Ya pili akaniita Wewe."

Halafu hii, ya jana usiku:
mzee kafia nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu,
jirani na kituo cha mabasi, mji usio wake.
Alitawazwa ana miaka minane.
Akatawala siku mia na kumi na tisa,
kisha nchi ikabadili mawazo.
Kwao wamekataa wimbo wa taifa,
wameruhusu bendera, ikiwa imekunjwa.
Wanawe wanapiga mnada taji na kiti, kulipa madeni.

Shangazi hakucheka.
Aliifunika ndoo ya asali kwa sahani,
akaketi chini, miguu kainyoosha.

"Mwaka sitini na tatu Landrova ilisimama uani kwa baba.
Akashuka kijana mwenye haya, kola imembana,
akatusomea sheria kwa Kiswahili kizuri.
Baba aliuliza moja tu: Na ngoma?
Kijana akapekua karatasi, mbele, nyuma.
Ngoma hazikutajwa.
Basi zikakaa. Hazikupigwa, hazikukatazwa.
Panya ndio waliozimaliza, wakianzia kwenye ngozi.
Kilungu cha shingoni kilikwenda makumbusho,
stakabadhi ninayo.
Hata neno ikulu lilikuwa letu;
likapanda treni, likashukia Dar,
halijarudi hata kusalimia.

Simlaumu mtu. Kura napiga, foleni nawahi.
Nchi ina haki ya kubadili mawazo.
Ila aliyevuliwa joho hubaki na mabega yaleyale,
na baridi haijui sheria.
Chukua karatasi."

Nikaandika kama alivyotamka:

*Kwa watu wa marehemu.
Mimi ni Kalunde binti Mihambo, wa Igulungu,
siku mbili kwa miguu kutoka Tabora.
Poleni.
Taji uzeni, linaumiza kichwa bure.
Kiti msiuze.
Sisemi mtawale. Nasema mkalie.
Sisi chetu tulimuuzia Mzungu mmoja, mwalimu,
shilingi arobaini na blanketi,
na tangu hapo, msiba ukitufika,
hatujui nani akae wapi.
Asali ya mwaka huu ni nyepesi, mvua zilichelewa,
vinginevyo ningewatumia.*

Niandike anwani gani, Shangazi?
"Ulaya."
Ulaya ni kubwa.
"Sisi tulikuwa wadogo, na wakatupata."

Gundi ilikuwa imeisha; bahasha nikaishona kwa mashine,
uzi mweusi, mshono mdogo mdogo.
Kesho naipeleka posta. Nitapita chini ya boma,
lile la Mjerumani, ambaye mfalme wake pia, nasikia,
alizeekea ugenini akipasua kuni.
Hilo sijamsomea.

Nilikuwa nimekwisha kukata uzi
aliponigusa bega.
"Fumua.
Ongeza kwamba ya yule kijana
ilikuwa ya kijani."